Msumari Chini ya Televisheni

Kila siku akitoka shule, Chiriku alikuwa na kazi tatu kabla ya kufungua daftari. Ya kwanza ilikuwa kuvua sare na kuilowesha. Ya pili ilikuwa kufagia sebule. Ya tatu, iliyokuwa ngumu kuliko zote, ilikuwa kumchunga mdogo wake wa miaka mitatu, ambaye nyumba nzima ilimwita Kimbunga kwa sababu popote alipopita palibaki kitu kimepinduka.

Chiriku mwenyewe alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Hilo nalo halikuwa jina lake la darasani. Bibi ndiye aliyempa, kwa vile tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Aliongea akifagia, aliongea akila, hata akipiga mswaki alijitahidi kumaliza hadithi povu likimtoka.

"Mke mwenzangu," Bibi alipenda kumtania, "wewe ukilala, mdomo wako unabaki macho."

Baba yao alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, hivyo siku nyingi walikuwa wanne tu: Bibi, ambaye masikio yake yalianza kuwa mazito, Mama, muuguzi katika kituo cha afya cha mtaani, na watoto wawili. Televisheni yao ilikaa juu ya meza ndogo sebuleni, mpaka jioni ile Kimbunga alipovuta kitambaa cha meza akitaka kujifanyia joho la mfalme. Televisheni ilikuja mbele, ikainama, na Mama akaidaka kwa magoti na viganja huku sufuria ya mboga ikiungua jikoni. Aliirudisha mezani, akakaa chini sakafuni, akamkumbatia mtoto.

"Kesho natafuta fundi," alisema mwishowe. "Hii inapanda ukutani."

Jumamosi alikuja Fundi Penseli. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mkimya, na penseli yake ya bapa haikutoka nyuma ya sikio isipokuwa anapochora. Mtaani walimsema kwamba hata kupiga mswaki lazima apime kwanza. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole toka kona hadi kona, akisikiliza. Akauliza watu wa nyumba ile hupenda kukaa wapi, akakaa kwenye kila kochi kuona macho yanafika wapi. Ndipo akaweka pima maji ukutani, akachora alama nne, akafuta mbili, akazichora tena.

Chiriku hakubanduka. "Fundi, kwa nini usitoboe tu? Fundi, hiyo fremu ya chuma inabeba kilo ngapi? Fundi, na hizi nyaya zitaning'inia kama mizizi?"

"Nyaya zitalala ndani ya ukuta," fundi alijibu. "Subiri uone."

Alitoboa matundu kwa drili, akaingiza vipande vya plastiki vya kushikia skrubu, akaikaza fremu na kuning'inia juu yake kwa mikono miwili kuijaribu. Kisha akashika tindo na nyundo, akachimba mfereji mwembamba kutoka ilipo televisheni hadi kwenye soketi ya chini. Ndani yake alilaza mabomba mawili ya plastiki: moja la waya wa umeme, jingine la waya wa king'amuzi. Akafunika kwa plasta, akailainisha kwa mwiko, akaiacha ikauke wakati wa chakula cha mchana, kisha akapaka rangi ileile ya maziwa. Kazi ilipoisha, ungesema televisheni imeota ukutani yenyewe. Hakuna waya hata mmoja ulioonekana.

Mama alikuwa ameshaingia zamu ya mchana. Bibi alikuwa uani akianua nguo. Fundi Penseli alimwita Chiriku, akaweka kiganja chake ukutani chini ya televisheni na kukiteremsha polepole mpaka kwenye soketi.

"Nyaya zimepita hapa. Kulia kiganja kimoja, kushoto kiganja kimoja, msumari usipigwe. Hata pini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Hebu rudia."

"Chini ya televisheni mpaka soketi, msumari usipigwe, hata pini."

"Vizuri. Mwambie Mama, umwambie na Bibi."

"Nitawaambia."

Fundi akawasha pikipiki yake akaondoka. Chiriku alikimbilia nje kuwaita rafiki zake waje kuona televisheni iliyoota ukutani. Aliwaeleza kila kitu: drili, tindo, mwiko, hata jinsi fundi alivyoning'inia. Aliongea mpaka jua likazama. Lakini Mama aliporudi amechoka, na Bibi alipoingia na kapu la nguo, ule ujumbe mmoja aliotumwa haukufika. Ulikuwa umemtoka kichwani.

Wiki mbili zilipita. Shuleni kulikuwa na shindano la kusoma kwa sauti, na si ajabu kwamba Chiriku alishinda. Alipewa cheti ndani ya fremu ya mbao yenye kioo. Mama alikishika, akakisoma mara mbili, akatabasamu.

"Tutakitundika Jumapili nikiwa nyumbani," alisema. "Nitakutafutia mahali pazuri."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Kwa Chiriku, Jumapili ilikuwa mbali kama mwaka ujao. Jumatano mchana, Mama akiwa kazini na Bibi akichambua mchele jikoni, alifikiri mahali pazuri anapajua mwenyewe. Kila mtu akikaa sebuleni hutazama wapi? Televisheni. Basi chini ya televisheni, katikati kabisa, kila jicho litakiona cheti chake.

Akachukua nyundo chini ya sinki na msumari mrefu kwenye kopo. Aliposimama mbele ya ukuta, sauti ya fundi ilimjia kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka nyumba ya tatu. Alisita. "Aliongelea nyaya," alijiambia, "lakini nyaya zenyewe ziko ndani sana. Msumari wangu nitaupiga kidogo tu."

Alipiga mara nne. Msumari ukazama vizuri kwenye plasta. Akaachia vidole, akapiga mara ya tano.

Kulikuwa na mlio mkali kama wa mjeledi. Cheche ya buluu ikaruka ukutani, na friji iliyokuwa ikinguruma jikoni ikanyamaza. Nyundo ilimponyoka. Alibaki amesimama, harufu ya kitu kilichoungua ikimwingia puani. Mpini wa nyundo ulikuwa wa mbao. Angekuwa bado ameushika msumari, mambo yangekuwa mengine.

"Umeme umekatika?" Bibi aliuliza kutoka jikoni.

Hapo ndipo Chiriku angeweza kusema. Bibi alikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Badala yake akasikia sauti yake mwenyewe ikijibu kwa kupaza, "Ndiyo, Bibi. Umekatika."

Aliung'oa msumari kwa kucha za nyundo. Ncha yake ilikuwa imeungua, nyeusi. Akaenda koridoni kwenye sanduku la umeme, akaona swichi moja ndogo imeanguka. Alishawahi kumwona Mama akiinyanyua pasi ilipoleta hitilafu. Akainyanyua. Friji ikaanza kunguruma.

"Umerudi," Bibi alisema.

"Umerudi," Chiriku aliitikia.

Akakimbilia bafuni, akarudi na dawa ya meno, akaisindilia kwenye tundu na kusawazisha kwa kidole. Ukiangalia kwa mbali, palikuwa hapaonekani. Cheti akakirudisha chini ya kitanda.

Alhamisi usiku, wakati wa taarifa ya habari, televisheni ilizima yenyewe. Ikawaka. Ikazima tena. Mama alibonyeza rimoti, akabadilisha betri, akabonyeza tena. Ijumaa ikawa vilevile, na safari hii kulikuwa na sauti ndogo ndani ya ukuta, kama mafuta yakichemka kwenye kikaango. Mama alikunja uso.

"Mnasikia hiyo?"

Bibi hakusikia. Kimbunga alikuwa anavuta mkia wa paka wa jirani. Chiriku alisikia vizuri, akasema, "Sijui, Mama. Labda mjusi."

Mama alichukua simu, akampigia fundi palepale. Hakupiga kelele, lakini kila neno lake lilikuwa limenyooka kama sindano. "Fundi, kazi uliyonifanyia haina hata wiki tatu. Nina mtoto mdogo humu ndani. Njoo kesho uone ulichokifanya." Akakata. Halafu akamgeukia Bibi, akapaza sauti ili asikie. "Na mimi mjinga, nilishampigia debe kwa matroni, mkuu wetu wa wauguzi. Kituo cha afya kinataka televisheni mbili, moja sehemu ya kusubiri wagonjwa na nyingine wodi ya watoto. Leo nimemwambia matroni asimwite. Siwezi kuleta fundi mbovu mahali penye wagonjwa."

Chiriku alilirudisha tonge la wali kwenye sahani.

"Huli?" Bibi aliuliza.

"Nimeshiba."

"Toka juzi hujanisimulia hata kisa kimoja. Unaumwa?"

"Siumwi, Bibi."

Bibi alimtazama kwa muda mrefu. "Mwanangu," alimwambia Mama, "huyu mpime homa."

Mama alimpima. Homa haikuwepo. Usingizi nao haukuwepo. Chiriku alilala akitazama dari, akijipangia maneno: Mama, ni mimi. Maneno matatu tu. Asubuhi aliamka akiwa nayo mdomoni, akamkuta Mama anafua kwa hasira, akayameza.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, pikipiki ilisimama mlangoni. Fundi Penseli aliingia, akavua viatu, akamwamkia Bibi. Chiriku alimwamkia kwa sauti ambayo hata mtu mwenye masikio mazuri asingeisikia.

"Haya, fundi," Mama alisema akiwa amesimama. "Jionee."

Fundi alishusha swichi kuu. Akaishusha televisheni, akaikagua nyuma, akafungua soketi ya juu, iliyojificha nyuma yake, na ile ya chini, akavuta kila waya kwa vidole. Alifanya hivyo kwa nusu saa. Akarudisha kila kitu mahali pake, akawasha umeme. Televisheni ikawaka, na baada ya dakika chache ikazima na kuwaka.

"Soketi ni nzima," alisema polepole. "Skrubu zimekaza. Sielewi."

"Usipoelewa wewe, nani aelewe? Ulifanya haraka."

"Mama, mimi watu wananisema kwa mengi, lakini si kwa haraka."

"Basi ulitumia waya mbovu."

Kidole cha fundi kilipapasa penseli nyuma ya sikio, kikaiacha. "Matroni alinipigia jana jioni," alisema. "Aliniambia nisije. Sikumuuliza sababu. Sasa naijua." Hakusema kwa ugomvi. Alisema kama mtu anayeweka mzigo chini. Kisha akageuka. "Binti, uliwaambia nilichokutuma?"

Mama akamtazama Chiriku. "Alikutuma nini?"

"Nyaya zinapopita," alisema fundi. "Kwamba hapa pasipigwe msumari. Kuna mtu alipiga msumari hapa?"

Chiriku aliona macho ya Mama, macho ya fundi, na ukuta nyuma yao.

"Hapana," alisema. "Hakuna aliyepiga."

Fundi aliitikia kwa kichwa. "Basi itabidi nivunje plasta nione ndani. Nakwenda kuchukua tindo kwenye pikipiki." Akatoka. Mama akamfuata mpaka barazani, bado akimweleza kuhusu rangi itakayoharibika. Umeme ulikuwa unawaka.

Bibi hakuwa amesikia hata nusu ya maneno yale. Alichoona ni mgeni anahangaika na ukuta wa nyumba yao, na ukuta wenyewe una doa. Kwa siku tatu dawa ya meno ilikuwa imegeuka rangi, njano yenye ukingo wa kahawia, kama alama ya kidole cha mtoto, chini tu ya televisheni. Bibi alichukia uchafu kuliko kitu chochote. Alichovya kitambaa kwenye ndoo ya maji ya kufulia, akakikamua kidogo, akaanza kuelekea ukutani huku Kimbunga ameshika pindo la gauni lake.

"Vidole vya nani hivi?" alikuwa akinung'unika. "Kimbunga, ni wewe?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye kitambaa, tone, tone, juu ya sakafu.

"Bibi, acha," alisema Chiriku kwa sauti ndogo.

Bibi hakusikia.

"Bibi, usiguse."

Bibi alikuwa anainama, mkono mmoja gotini, mkono mwingine umenyoosha kitambaa. Chiriku alitaka kumrukia amvute. Lakini mwalimu wa sayansi aliwahi kuwaambia kwamba aliyeshikwa na umeme hushikwa pamoja na anayemvuta. Kimbunga alikuwa ameshika gauni. Wangekuwa watatu.

Aligeuka akakimbia. Goti lake liligonga ukingo wa meza, hakulihisi. Alifika koridoni, akalivamia sanduku la umeme, akaishika swichi kuu kwa mikono miwili na kuivuta chini kwa uzito wake wote.

Televisheni ilizima. Friji ikanyamaza. Pangaboi likapunguza mwendo, likasimama.

Aliporudi sebuleni, Bibi alikuwa amebandika kitambaa juu ya doa, anasugua. Alikuwa mzima. Fundi na Mama walikuwa mlangoni.

"Nani amezima?" Mama aliuliza.

"Mimi." Chiriku alikaa chini sakafuni. "Mimi ndiye niliyepiga msumari. Jumatano. Nilitaka kutundika cheti. Ilitoka cheche, umeme ukazima, nikanyanyua swichi, nikaziba kwa dawa ya meno. Fundi alinituma niwaambie, sikuwaambia. Na sasa hivi nimesema uongo."

Fundi Penseli aliweka tindo chini. Alimwendea Bibi, akamwondoa taratibu pamoja na mtoto, akawakalisha kwenye kochi la mbali. Akapangusa ukuta kwa kitambaa kikavu.

"Msisogee hapo," alisema. Akaenda koridoni, akawasha, akarudi na testa, ile bisibisi ndogo yenye taa ndani ya mpini. Akaigusisha ncha yake kwenye doa.

Taa ikawaka. Ndogo, nyekundu, wala haikupepesa.

Mama aliweka kiganja mdomoni. Bibi alitazama testa, kisha kile kitambaa kilicholowa kilichokuwa bado mkononi mwake. Hakuhitaji kuelezwa. Alikiachia kikaanguka.

Fundi alizima tena umeme na kuanza kuchimba. Plasta ilipodondoka, bomba la plastiki lilionekana na tundu katikati yake. Alilipasua, akavuta waya. Mahali pamoja ganda lake lilikuwa limeyeyuka na kuwa jeusi, na shaba ikawa uchi.

"Msumari ulipita hapa," alisema. "Waya ukawa unaguswa na kuachiwa, ndiyo maana televisheni ilikuwa inazima. Hiyo sauti mliyosikia ni moto mdogo. Ungeendelea siku chache zaidi, ungekuwa mkubwa."

Mama alivuta pumzi ndefu. Chiriku alikunja mabega akingoja kofi, lakini Mama hakumwendea yeye kwanza. Alimwendea fundi.

"Fundi, nisamehe. Nimekuvunjia heshima nyumbani kwangu, na nimekuvunjia heshima kwa watu. Sikuwa na hakika, nikasema kama mwenye hakika."

"Yamekwisha, Mama. Na mimi nina langu." Akachomoa penseli. "Ujumbe wa watu wazima nilimpa mtoto. Ningesubiri Bibi aingie, au ningeandika." Alikwenda kwenye sanduku la umeme, na ndani ya kifuniko chake akachora televisheni, soketi, na mistari miwili kati yake, akaandika vipimo kwa herufi kubwa. "Toka leo kila nyumba nitakayofanya kazi nitaacha mchoro."

Bibi alikuwa amempakata Kimbunga kifuani. "Mke mwenzangu," alimwita Chiriku kwa sauti ya chini. "Njoo hapa." Chiriku alikwenda, na machozi aliyoyazuia siku nne yakatoka yote kwa pamoja kwenye bega la Bibi. "Umetukosea," Bibi alisema. "Na umetuokoa. Yote mawili ni kweli, usisahau moja. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nusura kituumbue wote humu ndani."

Kabla jioni haijaingia fundi alikuwa ameshabadilisha waya na bomba. Televisheni ikawaka na haikuzima tena. Lakini Mama hakuketi kuitazama.

"Kuna kitu bado hakijatengenezwa," alimwambia Chiriku. "Jumatatu ukitoka shule utakuja kituo cha afya."

"Kufanya nini, Mama?"

"Matroni amesikia kwamba fundi yule ni mbovu. Atasikia ukweli kutoka kwa wenye makosa. Mimi nitasema langu, wewe utasema lako."

Jumapili ilikuwa ndefu, na cheti kilibaki chini ya kitanda. Jumatatu ikawa fupi mno. Matroni alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, na ofisi yake ilinukia dawa ya kusafishia sakafu. Aliwasikiliza akiwa ameshika kalamu hewani. Mama alianza: alisema alimchafulia mtu jina kabla ya kujua kilichotokea. Kisha akamtazama binti yake.

Chiriku, ambaye wiki iliyopita tu alisoma mbele ya shule nzima bila kutetemeka, sasa alitafuta sauti asiione. Aliitafuta tena. "Fundi Penseli alifanya kazi yake sawasawa," alisema. "Aliniambia nisipige msumari, nikapiga. Mama alimlaumu kwa sababu mimi nilinyamaza. Alipouliza mbele ya watu, nilikana. Naomba usimnyime kazi kwa kosa langu."

Matroni alivaa miwani, akamtazama vizuri, akaivua. "Ungekuja Ijumaa ingekuwa rahisi," alisema. "Sehemu ya kusubiri nimeshampa fundi mwingine. Ameanza leo asubuhi, siwezi kumfukuza mtu asiye na kosa." Kupitia dirishani walisikia drili ikinguruma kwenye ukuta wa mbele. Chiriku aliinamisha kichwa. "Wodi ya watoto bado," matroni aliendelea. "Hiyo nitampigia simu leo. Fundi anayewaza mahali ambapo mtu hapaswi kupiga pini ndiye ninayemtaka mahali penye watoto."

Walirudi nyumbani kwa miguu, Mama akiwa bado na sare yake nyeupe. Walipita maduka matatu. Chiriku alikuwa anafikiria ile drili.

"Ile kazi nyingine imekwenda kwa sababu yangu," alisema.

"Imekwenda," Mama alikubali. "Hiyo hatuwezi kuirudisha. Nusu ndiyo tuliyoirudisha, na tumeirudisha kwa kusema."

Walitembea kidogo.

"Mama, kama ningekuambia Jumatano ileile, ungefanya nini?"

"Ningekukaripia. Vikali. Ungelia, ungelala mapema, na Alhamisi asubuhi fundi angekuja kubadilisha waya. Ijumaa tungekuwa tumeshasahau."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu." Mama alisimama, akamshika bega ili amtazame usoni. "Sikiliza, mwanangu. Kupiga msumari mahali pabaya ni kosa la nusu dakika, na hakuna mtu ambaye hajawahi kulifanya la aina hiyo. Kunyamaza ndiko kulikochukua siku nne, na siku nne hizo zote Bibi yako na mdogo wako walikuwa wanapita karibu na ukuta ule. Mimi nitakukaripia mara nyingi bado, maana ndiyo kazi yangu. Ukiharibu kitu, njoo nikukaripie. Kukaripiwa hakujaua mtu."